Koleo la Gego la Chini

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilichagua Nyakanazi. Lingeweza kuuma Mwanza, ambako vibao vya kliniki za meno vinashindana barabarani, au hata Bukoba. Likasubiri nifike njiapanda ya malori, pale barabara ya Kigoma inapoiacha ile ya Rusumo, saa nane za usiku, katika nyumba ya wageni yenye chandarua chenye matundu. Nilitafuna karafuu. Nikasukutua kwa maji ya chumvi mpaka chumvi ikaisha. Kulipokucha shavu lilikuwa limevimba kiasi kwamba kondakta wa basi aliniuliza kama nimeficha andazi.

Nilikotibiwa sitapataja. Itoshe kusema ni huko huko, katika ukanda wa Biharamulo na Ngara, na kwamba kwenye benchi nilikuta watu kumi na mmoja, kila mmoja ameshika shavu lake kama anaongea na simu. Mlango wa chumba uliachwa wazi nusu kwa ajili ya hewa. Niliona kiti, taa, trei ya chuma, beseni la plastiki lenye maji yanayonukia klorini, na mkono wenye glovu ukiingia na kutoka humo. Kila baada ya dakika kumi hivi mtu alitoka na pamba mdomoni na mwingine akaitwa. Nikaanza kuhesabu, kwa kuwa mtu mwenye jino bovu hana kazi nyingine ya kufanya. Wagonjwa kumi na mmoja kwa muda usiofika saa mbili. Vyombo vile vinapata wapi muda wa kutakaswa?

Zamu yangu ilipofika nilimwamkia shikamoo kijana ambaye ningeweza kuwa mjomba wake. Koti jeupe lina nguvu hiyo. Nikafungua kinywa, nikachomwa ganzi, jino likatoka vizuri, nikalipa, nikashukuru. Swali langu nilibaki nalo mfukoni. Huenda kabati lao lilijaa makoleo safi kumi na mawili. Ningejua kama ningeuliza.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, kila nipatapo mtu wa fani hiyo wa kumsumbua, na nimefika mahali ambapo naamini ubora wa chumba cha meno katika wilaya kama hizi unaweza kupimwa kwa chombo kimoja tu: koleo la gego la chini. Yapo mangapi, na leo wagonjwa ni wangapi.

Kwanza, kwa nini hilo na si jingine? Watu wengi hudhani koleo la kung'olea meno ni moja, kama lile la fundi baiskeli. Sivyo. Mdomo wa kila koleo umechongwa kufuata shingo na mizizi ya jino fulani. Magego ya juu yana mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, kwa hiyo koleo lake lina ncha upande mmoja tu, ya kuingia katikati ya ile mizizi miwili. Ndiyo maana lipo la kulia na lipo la kushoto, na ukilikosea unaponda fizi. La gego la chini lina ncha pande zote mbili, nalo hutumika kulia na kushoto. Sasa ukumbuke kwamba gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi huliona likitoboka akasema litang'oka lenyewe, ni la utoto hilo. Halitang'oka. Litaoza, hasa la chini, na mtu mzima atakuja nalo kliniki akiwa hajalala siku tatu. Hivyo kabati linaweza kuwa na makoleo kumi na tano yanayong'aa, na bado yale mawili ya gego la chini ndiyo yanayozunguka kutwa nzima kama daladala, huku mengine yamelala.

Pili, muda. Kwa utaratibu uliozoeleka, chombo kilichotoka kinywani chenye damu huanza kwa kulowekwa katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Ukitumia Jik ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, na mchanganyiko hufanywa upya kila siku au ukichafuka. Klorini haimalizi kazi. Kazi yake ni kumlinda yule atakayeosha. Kisha koleo husuguliwa kwa brashi na sabuni, hasa kwenye kiungo na kwenye mikwaruzo ya mdomo, kwa maana mahali palipogandiwa na damu mvuke haupiti. Likaushwe, lifungwe, liingie kwenye otoklevu. Humo, mvuke wenye mgandamizo hufikisha joto nyuzi 121, na saa huanza kuhesabiwa pale joto linapofika, wala si pale mashine inapowashwa: dakika 20 kwa chombo kisichofungwa, 30 kwa kilichofungwa. Halafu mvuke utolewe, vyombo vikauke, vipoe. Ukijumlisha yote, mzunguko mmoja hauwezi kuwa chini ya saa moja na nusu kama hudanganyi.

Kliniki inayofanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana inapata mizunguko minne, na hapo mhudumu hajapumzika. Makoleo mawili mara mizunguko minne ni magego manane ya chini. Mgonjwa wa tisa anakuja na jino lile lile. Hapo ndipo ubora ulipo, au haupo. Mapambo mengine yote, kiti cha umeme, luninga ya ukutani, vigae vyeupe, hayaingii katika hesabu hii.

Wapo watakaosema mbona tulitibiwa kwa vyombo vya kuchemshwa miaka yote na tuko hai. Kuchemsha huua vingi, hakuui vyote. Mbegu za vijidudu vya pepopunda hustahimili maji yanayochemka. Na kwa Ngara kuna jambo jingine ambalo kila mpika maharage wa huko analijua bila kulisomea. Milimani chakula kinachelewa kuiva. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka nyuzi moja pungufu, na vilima vingi vya Ngara vinapita mita 1,500. Maji yanayorukaruka kwenye sufuria pale yana nyuzi 95 hivi, si 100. Hata chungu cha presha, ambacho pwani hufikisha nyuzi 121 kwa uzito wake wa kawaida, milimani hubaki kwenye kama 118, hivyo lazima kiachiwe muda zaidi. Mwongozo uliobandikwa ukutani uliandikwa kwa nchi nzima. Anayesimama mbele ya jiko ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba yuko mlimani.

Nimekitaja chungu cha presha makusudi. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mitambo ya maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ilianza kuzalisha mwaka 2023. Lakini zahanati ya kijijini haishi kwa habari za megawati, inaishi kwa umeme uliopo saa nne asubuhi ya leo. Chungu cha presha kikiwekwa juu ya jiko la mkaa au la mafuta ya taa ni otoklevu isiyomtegemea mtu. Shirika la hisani la Uingereza, Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza miaka ya mwanzo ya 2000, lilijenga mpango wake Kanda ya Ziwa juu ya wazo hilo. Matabibu wa kawaida wa vituo vya vijijini walifundishwa kwa vitendo kung'oa jino kwa usalama, kutakasa vyombo bila umeme, kisha wakarudi vituoni na vifaa vyao. Wapo wataalamu wa meno waliokunja uso, wakisema kozi fupi haiwezi kumfanya mtu kuwa wa fani. Wana hoja. Mzizi ukivunjika ndani, au damu ikikataa kukata, kozi fupi huonekana ufupi wake. Ila ukiniuliza mimi, tabibu anayejua kung'oa jino rahisi, anayejua kulikataa gumu, na anayekaa karibu na chungu chake mpaka dakika zitimie, nampa kinywa changu kabla ya kumpa mwenye shahada asiyejua saa ngapi mashine yake ilizimika.

Na hili la mashine kuzimika halina uhusiano na umaskini. Mwaka 2013, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa daktari mmoja wa upasuaji wa kinywa waliambiwa wakapime VVU na homa ya ini. Wakaguzi walikuta vyombo vyenye kutu, na otoklevu ambayo kwa miaka isiyopungua sita haikuwa imefanyiwa kipimo cha kuthibitisha kama inaua vijidudu, ilhali sheria ilitaka ipimwe kila mwezi. Umeme haukuwa ukikatika Tulsa, wala hawakukosa fedha za kununulia makoleo. Walichokosa ni mtu wa kufuata utaratibu siku ambayo hakuna anayetazama.

Kipimo chenyewe si siri kubwa. Utepe unaobandikwa juu ya kifurushi hutoa mistari myeusi ukipata joto. Mgonjwa anaweza kuuona kwa macho yake kifurushi kinapofunguliwa. Lakini utepe unasema tu kwamba joto lilipita hapo; hausemi lilidumu kiasi gani. Kipimo cha kweli ni kichupa chenye mbegu za kijidudu kigumu kisichomdhuru mtu, kinachoingizwa pamoja na vyombo kisha kuoteshwa, na kikikataa kuota ndipo unajua mashine imefanya kazi. Inashauriwa kifanyike kila wiki. Daftari lenye tarehe na sahihi za kipimo hicho lina thamani kubwa kuliko cheti chochote kilichotundikwa mapokezi kwenye fremu ya dhahabu.

Nani hukagua? Historia ya jambo hili inajibu nusu ya swali. Sheria ya mwaka 1977 ilifuta huduma binafsi za tiba za kibiashara nchini, na marekebisho ya 1991 yakazirudisha. Katika kipindi hicho cha katikati, mwananchi wa Ngara alikuwa na serikali au kanisa: Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge ya Wakatoliki, na kwa Biharamulo ile hospitali teule ya wilaya. Kliniki binafsi za meno ni mche mchanga huku. Leo anayetibu meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Jengo la mtu binafsi linasajiliwa kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya jino moja, inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Na Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake ndio wanaotakiwa kugonga mlango kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Halafu zipo nyota. Wizara ya Afya ilianza mwaka 2015 kuzipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi hiyo, na kuzipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Raundi ya kwanza iliumbua: karibu theluthi moja ya vituo nchini vilipata sifuri, na vilivyofika nyota tatu vilikuwa kama viwili katika kila mia. Raundi ya pili, 2017/18, vilivyofika tatu au zaidi vilikaribia moja ya tano. Ni maendeleo makubwa, nani abishe. Shida yangu na nyota ni kwamba hupewa jengo zima. Chumba cha meno, mara nyingi kile cha mwisho kwenye korido, karibu na stoo, hujificha ndani ya nyota za wodi ya wazazi na maabara. Wanaoingia humo ni wachache, wanatoka wakiwa na ganzi, na ganzi haizungumzi.

Kwenye kuta za vyumba hivyo mara nyingi utakuta maneno matano yaliyotoka Japani na kupata Kiswahili chake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mpango huo ulianza kwa majaribio katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007. Nayapenda maneno hayo. Aliyeyatafsiri alikuwa na sikio. Manne ya mwanzo yanawezekana wiki ya ukaguzi. La tano ndilo lililozishinda ofisi nyingi zaidi ya hospitali.

Biharamulo ilikumbushwa la tano kwa njia mbaya. Januari 20, 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitika Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, hesabu ilisimama hivi: wawili waliothibitishwa na maabara, wanane waliodhaniwa kwa dalili na mazingira, na wote kumi wamefariki. Miaka miwili kabla, upande wa Bukoba Vijijini, watu tisa waliugua na sita wakafa, mmojawapo akiwa mhudumu wa afya. Watu walizungumzia popo, mapango, mpaka na magari ya mizigo. Chumba cha meno hakikutajwa, na mimi mwenyewe sikukifikiria hadi niliposoma upya orodha ya dalili na kukuta humo kutoka damu kwenye fizi. Fikiria mgonjwa mwenye homa na fizi zinazovuja. Ataulizia wapi kwanza? Na huyo atakayemwambia afungue kinywa, uso wake uko umbali wa shibiri moja kutoka kwenye damu hiyo. Kupima joto mlangoni, kuuliza ametoka wapi na amemuuguza nani, kuvaa kinga ya uso kabla ya kuinama: haya yalikuwa lazima kwa wiki zile za hofu. Ndoo za maji tiririka zilijaa kila mlango. Ukipita leo, angalia ndoo ina maji au imebaki kibao cha picha.

Yuko mtu mwingine ambaye makala za afya humsahau: anayeosha. Wengi wanajua VVU, na wanaviogopa sawasawa. Lakini sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa VVU ikikuchoma, hatari ni kama watu watatu kwa elfu. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika thelathini kwa mia, na kirusi chake huishi kwenye meza kavu siku saba au zaidi. Watoto wa Tanzania walianza kupata chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, na wengi wanaosugua makoleo wamezaliwa kabla ya hapo, hana kinga mpaka apigwe sindano tatu kwa miezi sita. Dada wa usafi asiye na cheo, aliyeajiriwa kwa mkataba wa mkono, mwenye glovu nyembamba za daktari badala ya zile nene za jikoni: muulizeni kadi yake ya chanjo. Mkimkuta nayo, kliniki hiyo ni ya watu makini, na sihitaji kuona nyota.

Kwa upande wa sindano yenyewe, ubahili ndio adui. Ganzi ya meno huja kwenye kichupa kidogo cha mgonjwa mmoja, na kinachobaki ni cha kutupa, hata kama ni nusu. Palipokosekana vichupa hivyo hutumika chupa kubwa ya lignokeini inayochovywa na wengi, na hapo sindano iliyokwisha kuingia kwenye fizi ikirudi kuchota tena, chupa nzima imekwisha. Wala haionekani kwa macho. Hakuna mgonjwa atakayejua.

Nimesema habari za kung'oa tu kana kwamba jino halina njia nyingine, na hilo ni kosa ambalo sisi wote wa kanda hii tumelizoea. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi aitwaye Jo Frencken, akifundisha madaktari wa meno Dar es Salaam, alijaribu kitu kilichoonekana cha kijima: kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, bila mashine ya kutoboa, mara nyingi bila hata ganzi, kisha kuziba tundu kwa saruji inayojishika yenyewe kwenye jino. Kazi hiyo ya Tanzania ilikwenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, ikazunguka dunia, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994, mwaka ambao kaulimbiu ilikuwa afya ya kinywa. Tarehe hiyo Ngara wanaikumbuka kwa jambo jingine kabisa. Ndiyo siku mauaji ya kimbari yalipoanza kusambaa Rwanda, na kabla mwezi haujaisha, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kupiga kambi Benaco. Nani angekuwa na habari ya kuziba meno?

Lakini tazama njia hiyo kwa jicho la usalama. Haina mashine inayorusha mate hewani. Sindano hupungua. Vyombo vyake vidogo vinajaa kwenye chungu kimoja cha presha, seti nyingi kwa mpigo. Na haina zebaki, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa ile amalgamu nyeusi tuliyozoea kuzibiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na Biharamulo, yenye wachimbaji wadogo wa dhahabu na mgodi wa zamani wa Tulawaka, haihitaji kufundishwa zebaki ni nini. Tangu 2021 saruji inayotumika sasa katika njia hiyo, ile inayotoa floraidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kila gego linalozibwa likiwa na tundu dogo linapunguza mtu mmoja kwenye benchi ya wenye kushika mashavu, na hapo ile hesabu ya makoleo mawili inaanza kuwezekana.

Kabla hatujafika huko, yupo anayesubiri wale wanaokosa nafasi. Watafiti wa Muhimbili waliandika tangu miaka ya 1990 habari za "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi zake huonekana zina uvimbe mweupe, naye hupelekwa kwa mtu wa kuchimba vijino ambavyo havijaota, kwa msumari, kwa wembe au spoku ya baiskeli. Ng'ambo ya Rusumo wanaita ibyinyo. Uvimbe ule ni jino la kawaida linalojiandaa kutoka. Mtoto alihitaji maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya kuharisha. Alichopata ni kidonda kilichofunguliwa na chuma ambacho hakijawahi kuona mvuke. Kwa hiyo ninaposema kliniki inapaswa kuwa na ujasiri wa kumwambia mgonjwa wa tisa arudi kesho, najua nasema nini. Mama aliyetoka Bugarama au Murusagamba kwa bodaboda, nauli ameikopa, akiambiwa kesho, anaweza asiione kliniki tena. Atapita kwa jirani mwenye koleo la fundi.

Mwaka uliofuata niliumwa tena, gego la upande wa pili, na safari hii nilikuwa mjini, wilaya mojawapo ya hizo mbili, kituo kingine. Nilifika saa sita mchana. Niliketi, nikaitwa, nikaamkia, na kabla ya kufungua kinywa nikauliza, kwa sauti ndogo kuliko niliyoikusudia: "Dada, samahani, la gego la chini mnayo mangapi?"

Tabibu alinitazama. Nilidhani amechukia. Akavuta droo, akatazama, akageukia dirisha ambako chungu kilikuwa kinapuliza juu ya jiko la mkaa na saa ya mezani imewekwa pembeni yake.

"Manne," alisema. "Yote yamo mle. Yaliingia sasa hivi." Akanipa vidonge vya maumivu, akaandika jina langu juu kabisa ya ukurasa mpya wa daftari. "Njoo kesho saa mbili, baba. Utakuwa wa kwanza."

Nililipia kitanda usiku mwingine. Karafuu nilikuwa nazo.